Kijana akisema "siamini tena", jua kwanza anauliza nini

Kauli hii haichagui saa nzuri. Mara nyingi huja Jumapili alfajiri, maji ya kuoga yako tayari, wadogo zake wameshavaa, na kijana wa kidato cha pili au cha tatu anasema akiwa bado amejifunika shuka: "Mimi siendi. Hayo mambo siyaamini tena." Misa ya kwanza inaanza saa kumi na mbili na nusu. Mzazi ana dakika chache za kujibu jambo ambalo mtoto huenda amelibeba tangu muhula uliopita.

Wengi hapo huharibu kwa njia zinazojulikana. Kuna anayefoka: "Nyumba hii ni ya Wakatoliki, ukitaka dini nyingine tafuta nyumba yako." Kufoka hakuondoi shaka, kunaifundisha kujificha. Huyo kijana ataendelea kukaa benchi la tatu kila Dominika mpaka kidato cha sita, kisha Jumapili ya kwanza chuoni atalala hadi saa tano, na mzazi atalaumu chuo. Kuna anayelia na kuuliza amekosea wapi, na hapo mtoto anajifunza kwamba maswali yake yanamuumiza mama, kwa hiyo bora yapelekwe kwa wenzake. Kuna anayempigia simu paroko au katekista kabla chai haijapoa. Mapadre wengi ni wasikilizaji wazuri, ila kijana aliyepelekwa bila kuulizwa anaingia ofisini kama mshtakiwa. Wengine hunyang'anya simu, na kwa kufanya hivyo wanakiri mbele ya mtoto kwamba imani ya miaka elfu mbili haiwezi kusimama mbele ya video ya dakika tatu.

Jibu la asubuhi hiyo liwe fupi. Kwa mfano: "Nashukuru umeniambia. Leo twende wote, hutalazimika kupokea Komunyo. Jioni nataka unieleze vizuri, mimi nitasikiliza tu." Sentensi ya kwanza inamtoa kwenye ulinzi. Ya pili inatenganisha ratiba ya familia na dhamiri yake, na tutairudia hapo chini kwa sababu ndipo ugomvi mwingi ulipo. Ya tatu ni ahadi, na ahadi usipoitimiza jioni hiyo hiyo, usitegemee kupewa nafasi nyingine upesi.

Jioni: maswali matatu, na usijibu lolote

Msikae ana kwa ana sebuleni kama kikao cha ukoo. Vijana huongea mikono ikiwa na kazi: kuchambua mchele, kuosha gari, kufua, kutembea kwenda dukani. Nusu saa inatosha. Wadogo zake wasiwepo, bibi asiwepo, na ikiwezekana aanze mzazi mmoja, yule ambaye mtoto humzoea zaidi.

Maswali ni haya. Ilianza lini? Umewahi kuongea na nani mwingine? Kama ungepata jibu la jambo moja tu, ungetaka lipi? Basi. Jioni ya kwanza usijibu hoja hata kama jibu unalijua, hasa kama unalijua. Ukishajibu, mazungumzo yamekuwa mdahalo, na katika mdahalo kijana wa miaka kumi na tano hakubali kushindwa. Akimaliza, rudia kwa maneno yako ulichosikia, umuulize kama umeelewa sawasawa.

Swali la kwanza, la lini, ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu shaka za umri huu zina vyanzo tofauti ingawa zote zinatamkwa "siamini". Kuna swali la akili kweli: sayansi, Biblia, historia. Kuna jeraha: alimwombea babu apone, babu akafa, au katekista alimdhalilisha mbele ya darasa. Kuna uchovu wa kawaida wa mtu anayesoma hadi usiku na kuamshwa saa kumi na moja siku yake pekee ya kulala. Kuna kundi au mpenzi. Na kuna aibu, ambayo wazazi huikosa karibu kila mara: kijana ameanza kufanya jambo analojua Kanisa linaliita dhambi, haoni njia ya kuliacha, na kusema "Mungu hayupo" kunauma kidogo kuliko kusema "mimi ni mbaya". Huyu ukimpa hoja tano za kuwepo kwa Mungu hujamgusa kabisa. Anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako kwamba hakuna dhambi itakayomfanya asiwe mwanao, na kwamba kitubio kipo kwa ajili ya watu wa namna hiyohiyo.

Mwenye jeraha naye hataki maelezo ya kwa nini Mungu anaruhusu mateso. Kaa naye. Kama aliyemjeruhi ni mtu wa Kanisa, mpe haki yake wazi: "Alikosea kukufanyia vile." Wazazi wengi hushindwa kutamka sentensi hiyo moja kwa kuogopa kumsema mtu wa altare.

Zinjanthropus na Adamu

Ukigundua ni swali la akili, jiandae, kwa sababu hapa mzazi hutakiwa kusoma. Tanzania swali hili lina mahali pake maalumu: darasa la Historia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anafundishwa kwamba mwaka 1959 Mary Leakey alipata Oltupai fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Wiki hiyohiyo kwenye mafundisho ya Kipaimara anasikia Mwanzo sura ya kwanza. Hakuna anayemwambia mambo hayo yakae vipi pamoja, basi anaamua mwenyewe kwamba mmoja kati ya mwalimu na katekista anadanganya. Mwalimu ana fuvu.

Mwambie ukweli wa mafundisho ya Kanisa, ambao wazazi wengi wenyewe hawaujui. Papa Pius XII, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu Wakatoliki kujadili kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, mradi washike kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II aliwaandikia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa kwamba nadharia ya mageuzi sasa ni zaidi ya dhana tu. Aliyekuwa wa kwanza kupendekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kwenye kitu kidogo mno, wazo lililokuja kuitwa Mlipuko Mkuu, alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Sheria za urithi anazosoma kwenye Baiolojia zilipatikana kwa kuchavusha njegere katika bustani ya monasteri, na mtawa Mwagustino, Gregor Mendel.

Kisha fanya naye zoezi hili, linachukua dakika kumi. Chukueni karatasi mbili. Yeye aandike mpangilio wa uumbaji katika Mwanzo sura ya 1, wewe andika wa sura ya 2 kuanzia mstari wa 4. Katika sura ya 1 wanyama wanatangulia na mwanadamu anafuata. Katika ya 2 mwanamume anaumbwa kwanza, wanyama wanakuja baadaye. Waliozikusanya sura hizo waliziweka jirani bila wasiwasi. Ni dalili kwamba hawakuwa wanaandika taarifa ya maabara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1965 ulisema wazi kwamba msomaji lazima atazame aina ya uandishi iliyotumika kabla ya kuamua maana. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alishaonya karne ya tano kwamba Mkristo anayesema upuuzi kuhusu nyota na maumbile kwa kisingizio cha Biblia anaifanya imani ichekwe.

Na akikuletea Galileo, usimtetee aliyekosea. Mwanasayansi huyo alihukumiwa mwaka 1633 kwa kufundisha kwamba dunia huzunguka jua, na mwaka 1992 Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia waliomhukumu walikosea. Kanisa linaloweza kukubali kosa linamshawishi kijana kuliko mzazi asiyekubali.

Maswali ya bweni

Shule za bweni zina aina nyingine ya shaka, na kwa maoni yangu ndiyo inayowakuta wengi zaidi. Jumapili katika shule ya serikali, kila kundi lina darasa lake: TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA na CASFETA kwa wenzao Waprotestanti na Wapentekoste. Padre hafiki kila wiki, kwa hiyo TYCS wanaongoza ibada ya neno wenyewe, wakisoma polepole. Darasa la pili kuna ngoma, kunena kwa lugha, ushuhuda. Wakitoka, Mkatoliki anaulizwa bwenini maswali manne au matano yaleyale, na anagundua kwamba miaka mitatu ya mafundisho haikumfundisha kuyajibu. Alikariri. Hakuwahi kuulizwa.

La kwanza: "Biblia yenu mmeongeza vitabu." Ana Biblia ya shule yenye vitabu 66, na nyumbani mmesema ni 73. Tofauti ni vitabu saba vya Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Makabayo viwili, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Vilikuwamo katika tafsiri ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo wa mwanzo. Orodha yenye vitabu hivyo ilikubaliwa na sinodi za Afrika Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, na Mtaguso wa Trento uliithibitisha rasmi mwaka 1546 baada ya mabishano ya wakati wa Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti. Luther mwenyewe hakuvitupa. Aliviweka kando, katikati ya maagano mawili. Mpe kijana Biblia yenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivyo saba, aende nayo shuleni. Kumwambia tu "sisi tuna vitabu vingi" bila kitabu mkononi ni kumpeleka shamba bila jembe.

La pili: "Mnaabudu sanamu." Hapa mpe mistari mitatu, aisome mwenyewe kwa mpangilio. Kutoka 25:18, Mungu yuleyule aliyekataza sanamu anaagiza makerubi wa dhahabu. Hesabu 21:8, anaagiza nyoka wa shaba. Na 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja nyoka huyohuyo kwa sababu watu walianza kumfukizia ubani. Mstari wa tatu ndio wa muhimu, kwa kuwa ni wa haki kwa pande zote mbili: sanamu inaweza kuwa halali, na inaweza kugeuka kuwa kosa. Kama kijana ameona watu wakiifanya sanamu kuwa hirizi, akubaliane na mwenzake kwamba hilo ni kosa.

La tatu, kuungama kwa mtu: Yohane 20:22-23. La nne, Maria: Luka 1:28 na 1:42, kwa sababu nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka humo neno kwa neno kasoro majina. La tano, ubatizo wa kumwagiwa maji: Didake, maandishi ya Kikristo ya zamani sana, yanasema pasipokuwa na maji mengi mwagieni kichwani mara tatu. Asiyakariri yote kwa pamoja. Moja kwa wiki ya likizo, na mwisho umwombe akupinge kwa nguvu kama wenzake wanavyompinga.

Akianza kuhudhuria ibada za wenzake, usikimbilie kukataza. Uliza kwanza yanayohusu usalama. Wanadai pesa, na kiasi gani? Wanakesha mara ngapi, na analala saa ngapi siku ya mtihani? Wamemfungisha siku tatu bila maji? Wamemwambia ukoo wake una laana, au wazazi wake ni maajenti wa shetani? Na lililo zito kuliko yote: wamemwambia aache dawa? Kijana mwenye siko seli, kifafa, kisukari au anayetumia ARV akiambiwa amepona kwa maombi, safari ya kwenda shuleni inaanza leo. Hapo hujadili tena teolojia. Kama majibu ni mazuri, ni vijana wanaosali tu, una muda wa kutosha wa mazungumzo.

"Dini ya wakoloni"

Hili huja zaidi kwa wa kidato cha tano na sita, na linastahili heshima kwa sababu lina ukweli ndani yake. Usianze kwa kukanusha. Mapapa wa karne ya kumi na tano walitoa hati zilizowapa wafalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka watu. Hati ya mwaka 1452 ipo. Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, kumechelewa mno. Mwaka 1992 Yohane Paulo II aliomba msamaha kisiwani Gorée, Senegali, na Machi 2023 Vatikano ilikana rasmi ile iliyoitwa kanuni ya ugunduzi, dai kwamba wafalme Wakristo wangeweza kutwaa nchi walizozigundua. Kijana ayapate haya kwako kabla hajayapata kwenye simu yakiwa yamechanganywa na uongo.

Baada ya hapo ndipo umpe upande wa pili. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, lakini Augustino alikuwa amezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria, na Ethiopia ilikuwa na Kanisa karne hiyohiyo. Papa Viktor I na Papa Gelasio I wanahesabiwa kuwa na asili ya Afrika. Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 hawakuuawa na mzungu wala kwa ajili ya mzungu, na mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Akibaki na hasira, mwache nayo. Hasira yenye historia sahihi ni mwenzi mzuri wa mazungumzo.

Misa, Komunyo na kitubio: mpaka uko wapi

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa mzazi wajibu wa kwanza wa kulea watoto katika imani kwa neno na mfano (kanuni 774). Sheria hiyohiyo, kanuni 748, inasema si halali kamwe kumlazimisha mtu kuipokea imani katoliki kinyume cha dhamiri yake. Mzazi anaishi katikati ya kanuni hizo mbili.

Utaratibu unaofanya kazi kwa wa miaka 13 hadi 15 ni huu. Kwenda Misa kunabaki kuwa jambo la familia, kama chakula cha usiku, na unamwambia hivyo: "Unakuja kwa sababu sisi ni familia. Sikuombi useme unaamini." Mpe achague Misa ipi, ya kwanza au ya pili, na akae wapi. Ila usimdai Komunyo, kitubio, kusoma somo, kuimba kwaya wala kutumikia altareni. Hivyo vyote vinamtaka aseme jambo kwa mwili ambalo moyoni hajalisema.

Komunyo inahitaji neno zaidi. Kanisani kwetu watu hunyanyuka benchi kwa benchi, na anayebaki amekaa huonekana na parokia nzima. Mzazi akiuliza njiani "mbona hukupokea?", amemlazimisha kuchagua kati ya kukiri dhambi yake barabarani na kudanganya. Wiki ijayo atapokea tu ili asiulizwe, na hapo ndipo sakramenti inakufa kwake. Usiulize. Kamwe. Wadogo zake wakiuliza, jibu lipo na ni la kweli: kuna mambo mengi yanayomzuia mtu, hata kula ndani ya saa moja kabla ya kupokea.

Kitubio vivyo hivyo. Usimpange foleni mbele yako. Kwaresima parokia nyingi hualika mapadre wa jirani siku ya kitubio cha pamoja. Kijana atamtafuta asiyemjua, na ni haki yake. Ukimwona ametoka mapema au amechelewa, hakuna cha kusema.

Akifika 16 au 17 na bado anakataa kila wiki, naona kumburuza kunavunja zaidi kuliko kunavyojenga. Wapo mapadre na wazazi watakaonipinga. Mweleze bila kuficha kwamba Kanisa linamtaka ashiriki Misa Dominika, na kwamba wewe huwezi kumtimizia wajibu huo. Kisha kubalianeni kiwango cha chini: Noeli, Pasaka, misa za misiba na ndoa za ukoo, na mazungumzo ya wazi kila wiki. Kama baba mwenyewe hufika kanisani Noeli tu, kifungu hiki chote hakina nguvu, na mtoto ndiye wa kwanza kuliona.

Kipaimara kikiwa mlangoni

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa sababu askofu ameshapangiwa tarehe, gauni au suti imeshonwa, na wajomba wameshachangia. Kijana anasema wiki tatu kabla: siwezi kujibu "nasadiki" wakati sisadiki.

Kanuni 889 inataka anayepokea Kipaimara awe amefundishwa, amejiandaa ipasavyo, na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Asemaye hawezi, anasema ukweli kuhusu masharti yenyewe. Na Kipaimara hakirudiwi, kikitolewa kimetolewa. Hatua ni hizi: mwulize mara mbili, kwa siku tofauti, kama ni hofu ya siku au ni uamuzi. Kama ni uamuzi, nenda na yeye kwa paroko mapema, si siku ya mazoezi, na umwache aseme mwenyewe. Omba jina lake lisogezwe hadi ziara ijayo ya askofu. Ndugu waambie "amesogeza mbele" na usiongeze. Mtu mzima anaweza kupokea Kipaimara baadaye. Wengi hukipata wakati wa maandalizi ya ndoa. Hasara ni suti na maneno ya watu.

Msimamizi wake ndiye asiyetumika ipasavyo. Sheria inamtaka awe na miaka 16 au zaidi, amepokea Kipaimara, na asiwe mzazi. Maana yake Kanisa lilitaka awepo mtu mzima mwingine wa kuongea naye. Mchagueni anayeweza kusikia shaka bila kuishiwa pumzi. Mwenye uwezo wa kutoa zawadi kubwa si lazima awe huyo.

Sala ya nyumbani na maneno ya jumuiya

Rozari nzima na litania huchukua kama nusu saa, na saa tatu usiku nusu saa hiyo inageuka ugomvi. Punguzeni: fungu moja la Salamu Maria kumi, dakika tano, na Jumamosi mtu mmoja asome Injili ya kesho. Nia za sala zisigeuzwe mishale. "Tumwombee kaka yenu aliyepotea njia" ikitamkwa mara moja tu mbele ya wadogo zake, hatakaa tena kwenye mkeka ule. Mwombee ukiwa peke yako.

Jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya mtaani ikisali kwenu, tenganisha adabu na imani. Adabu haina mjadala: apange viti, asalimie wakubwa shikamoo, alete maji. Kusoma somo au kuongoza wimbo ni hiari yake. Mwenyekiti akiuliza mbona kijana haonekani, jibu liwe moja, wazazi wote wawili walijue: "Tunaongea naye nyumbani, asanteni kwa kujali." Bibi mwambieni wenyewe kabla hajasikia kwa majirani, na mumwombe jambo dogo: asimtishie moto wa milele, amsimulie alivyosali siku alizokosa chakula. Bibi wengi hulifanya hilo vizuri kuliko sisi.

Siyo kila "siamini" ni ya imani

Kijana aliyeacha ghafla kwenda kutumikia altareni, anayekataa mtu mmoja maalumu, mahali pamoja maalumu, au anayebadilika sura jina fulani likitajwa, aulizwe kwa upole kama kuna mtu aliyemgusa au kumwambia asilopenda. Mwamini. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Polisi kwanza. Sheria ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, iliyofanywa ya kudumu 2023, inataka kila jimbo liwe na njia ya kupokea malalamiko kama haya, lakini njia hiyo haichukui nafasi ya dola. Anayekwambia mmalizane kifamilia au kiparokia usimsikilize.

Vilevile asiyelala, aliyeacha kula, aliyeacha mpira na marafiki, anayegawa vitu vyake au kusema afadhali asingekuwepo, huyo apelekwe hospitali kwa daktari wa afya ya akili wiki hiyo. Maombi yaende naye, yasiende badala yake.

Akishavuka miaka 18

Wazazi hutajiwa Monika, mama yake Augustino, kama mfano wa machozi. Maelezo ya Augustino mwenyewe yana kitu cha vitendo zaidi. Mwanae alipojiunga na Wamanikeo, kundi la dini lililopingana na mafundisho ya Kanisa, Monika mwanzoni alikataa kuishi naye nyumba moja na kula naye meza moja. Baadaye akabadili uamuzi, akamrudisha mezani. Alipomwomba askofu mmoja aende kujadiliana na kijana, askofu alikataa: bado hafundishiki, mwache, endelea kumwombea, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Augustino alikaa na kundi hilo miaka kama tisa na akabatizwa Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32.

Kwa hiyo ada ya chuo usiifunge kwenye Misa. Akija likizo asikute mahubiri mlangoni. Akute chakula, na sala yenu ya kawaida ikiendelea bila kuongezwa urefu kwa ajili yake. Akileta mchumba wa dhehebu au dini nyingine, paroko ana utaratibu wa ruhusa na kibali kutoka jimboni, na unahitaji miezi, si siku. Tunza cheti chake cha ubatizo, au angalau jina la parokia, mwaka na namba ya ubatizo iliyo daftarini. Siku akitaka kufunga ndoa kanisani au kurudi kupokea Kipaimara, ataombwa nakala mpya ya cheti hicho, na parokia aliyobatizwa ndiyo pekee inayoweza kumtolea.